Aliyetangulia Kubisha Hodi

"Umesahau nini tena, Wakili?"

Hivyo ndivyo Mzee Alcide Dardar alivyomfungulia mlango Renella Chaisson, alasiri moja ya Oktoba yenye ukungu, siku chache baada ya raundi ya kwanza ya uchaguzi. Renella alikuwa amepanda ngazi zote za nyumba ile, na si chache, maana Pointe Cyprien kila nyumba imeinuliwa juu ya nguzo ndefu tangu tufani ile kubwa. Alikuwa amekwisha kuvaa tabasamu lake la kuombea kura. Tabasamu likabaki usoni halina kazi.

"Sijasahau kitu, Mzee Alcide. Ndiyo kwanza nafika."

"Haya." Mzee alimpima kwa macho kutoka kichwani mpaka miguuni, na miguuni akakawia. "Umebadili viatu. Afadhali. Vile vya asubuhi vingekupa kichomi."

"Vya asubuhi vipi?"

"Wewe mtoto, mimi nimezeeka, sijapofuka. Umekuja hapa asubuhi, nikakwambia pita ndani, ukakataa. Nikakuletea kahawa hapo hapo uliposimama. Umekunywa, viatu vinachuruzika maji kama umetoka kuvua, nimebaki mimi napiga deki. Kikombe ukakipindua, ukashuka. Hicho hapo, sijakitoa."

Kikombe kilikuwa juu ya ukingo wa veranda, mdomo chini. Renella alikitazama, hakukigusa. Siku hizi hakuna anayepindua kikombe Pointe Cyprien. Walipindua wanawake wa zamani, kumwonyesha mwenye nyumba kwamba wametosheka, asiwaongeze. Wa mwisho ambaye Renella alimjua kuwa na tabia hiyo ni bibi yake mzaa baba, Ozélia, na Bi Ozélia amekufa siku nyingi.

"Nilisema nini?" aliuliza.

"Sasa unanipima akili. Ulisema tuta halitafika huku. Ukasema tuwapandishe juu kabla maji hayajawachukua."

"Tuwapandishe akina nani?"

Mzee akaonyesha kwa kidevu upande wa makaburini. "Wetu. Mke wangu ulimtaja kwa jina. Nikajua ni siasa, lakini nikwambie kweli, haikunipendeza. Mambo ya tuta niambie mimi. Delphine muache alale."

Asubuhi ile Renella alikuwa mahakamani mjini, mbali huko upande wa juu wa mto, akibishana mbele ya hakimu juu ya nyumba ya mjane mmoja. Watu wazima wenye akili zao wangeweza kula kiapo kwamba walimwona huko mahakamani. Lakini hilo halikumtisha sana, mtu hufananishwa. Lililomtia ubaridi mwilini ni lile neno la tuta. Lilikuwa la kweli, na hakuwa amemwambia mtu yeyote.

Tumweleze kidogo mwanamke huyu, maana magazeti ya mjini yalimwandika vibaya, na vipeperushi vyake mwenyewe vilimwandika vibaya zaidi, vikamfanya malaika mwenye digrii.

Renella ni mtoto wa Pointe Cyprien, chini kabisa Louisiana, pale mto unapokata tamaa na kuwa bahari. Baba yake alifia kwenye visima vya mafuta huko majini, mama akaolewa Texas, na yeye akabaki kwa Bi Ozélia akimenya kamba na kusikiliza Kifaransa cha zamani, ambacho alikielewa chote na kukizungumza kwa kukwaruza. Bibi alikuwa mtu wa maneno machache. Kila alipofika mgeni mwenye mkoba kuzungumzia ardhi, alimpa kahawa, akamsikiliza, akamsindikiza mpaka ngazini, kisha akamgeukia mjukuu: "Kasome lugha ya hawa, uje unieleze wanataka nini." Renella akasoma mpaka akawa wakili, lakini bibi alikufa kabla hajaelezwa. Walimzika katika kaburi la ukoo, nyumba ndogo ya matofali iliyojengwa juu ya ardhi kama makaburi yote ya kule, kwa kuwa ukichimba shimo unakutana na maji.

Halafu ikaja tufani. Bahari iliingia makaburini ikayapasua, majeneza yakatoka, yakaelea, yakaenda zao. Mengi yalipatikana katika majani ya kinamasi, mengine yamekwama matawini. La Bi Ozélia halikuonekana. Renella na shangazi yake Elvira walilitafuta kwa boti mpaka Shangazi akazima injini mwenyewe, akasema basi.

Kwa mtu aliyepotea namna hiyo, Pointe Cyprien wana desturi yao. Huchonga jeneza la mbao nyepesi, wakalisukuma ndani ya kaburi tupu, na mdomo wa kaburi hauzibwi. Makaburi mengine yote yana matofali na plasta mlangoni; la aliyepotea hubaki wazi, na mvua iingie ikitaka. Ukiuliza kwa nini, watakutazama kama umeuliza ujinga. Yuko njiani, utamfungiaje mlango?

Baada ya tufani Renella aliacha ofisi kubwa ya mawakili New Orleans, akarudi na kuanzisha shirika lake, Nyumba Kavu, katika chumba kimoja juu ya duka la nyavu. Kule watu wamerithi nyumba kwa mdomo tu, babu kwa mjukuu, na serikali iliwanyima msaada wa tufani kwa kuwa hawana hati. Yeye akawa mtetezi wao. Hakuwa na meza ya maana. Alikaa na watu jikoni kwao, akachukua sahani ya kamba akamenya nao, huku akiuliza nani alimzaa nani, na bakuli lilipokwisha kesi ilikuwa imekaa kichwani. Alikuwa mkali, msahaulifu wa kula, na akikasirika mahakamani masikio yalimwiva. Watu walimpenda kwa masikio yale.

Kiti cha eneo lao katika Baraza la Wawakilishi la jimbo kilipokuwa wazi, walimwambia agombee, naye hakungoja kubembelezwa. Alikitaka, tusimsingizie unyenyekevu. Alitaka aingie ndani ya kile chumba wanamoamua wapi pajengwe na wapi paachwe. Raundi ya kwanza akawa wa pili, nyuma kidogo ya Gil Toups, mwenye yadi ya kutengeneza boti, bwana mcheshi anayemkumbatia kila mtu na kumwahidi kila mtu. Wawili hao walikuwa wakutane tena katikati ya Novemba, na atakayezoa kura za watu wa upande wa chini wa mto ndiye angekaa.

Na watu wa chini ya mto walitaka kusikia jambo moja. Serikali ilikuwa inajenga tuta refu la udongo kuzuia bahari. Aliye ndani ya tuta ataishi. Aliye nje atasubiri zamu yake. Kiangazi kile, katika korido ya ofisi moja, mhandisi alimwambia Renella waziwazi kwamba mstari umekwisha kupigwa, unapita kaskazini mwa Pointe Cyprien na kuiacha nje, na hapatakuwa na mwingine. Renella akalimeza. Alijiambia atalisema baada ya uchaguzi, akiwa na nguvu ya kulifanyia kitu. Huku nyuma vipeperushi vyake vilisema kwa herufi kubwa: TUTA KWA WOTE. Kila alipoviona alitazama pembeni, kisha akavigawa.

Basi alishuka kwa Mzee Alcide, akapanda nyumba ya pili, kwa Bi Eunice Verdin. Bi Eunice alikuwa jikoni anakaanga kaa, hakugeuka hata.

"Leo umenipenda, mara mbili kwa siku moja," alisema. "Na Kifaransa chako, mwanangu, nani amekinyoosha? Umeongea kama marehemu mama yangu. Nilitaka kukubusu."

"Bi Eunice, nilikuwa nimevaa nini?"

"Kampeni imekuchanganya. Gauni la buluu la mikono mirefu, limelowa chapachapa. Nikasema, huyu atakufa na baridi kabla hatujamchagua, tubaki na Toups na vichekesho vyake."

Renella akashika kiti. Gauni la buluu la mikono mirefu alilipiga pasi yeye mwenyewe, asubuhi ya mazishi ya bibi, na alikumbuka jinsi alivyoangalia asiunguze kola.

Alitoka barabarani. Ukungu ulikuwa umeteremka mpaka kwenye madimbwi, boti za kamba zikionekana milingoti tu. Alikuwa hajafika nyumba ya tatu aliposikia, kutoka kwenye veranda ile ile aliyokuwa anaiendea, mlango ukigongwa taratibu. Kisha akasikia sauti yake mwenyewe.

"Hodi hapa."

"Karibu," mtu wa ndani akaitikia. "Ah, Wakili. Pita."

Renella alisimama pale pale. Alisikia mazungumzo ya chini, ya upole, asiyoweza kuyashika, halafu mlango ukafungwa. Hakusikia mtu akishuka. Alipojikaza akafika chini ya ngazi, aliona nyayo za maji zikipanda ngazi moja baada ya nyingine. Za kushuka hazikuwapo. Aliinama akagusa ule unyevu, akanusa kidole. Ilikuwa harufu ya kinamasi na chumvi. Mwanamke huyu aliyezoea kusimama mbele ya mahakimu bila kumeza mate aligeuka akakimbilia gari lake.

Meneja wake wa kampeni, Kendall Broussard, aliyekuwa mtangazaji wa redio na bado anaongea kama anasikilizwa na eneo zima, alikuwa na jibu tayari.

"Ni Toups, bosi. Amekodi mwigizaji, kamvalisha wigi, kamtuma akutie doa."

"Toups halijui la tuta."

"La tuta gani?"

"Kwamba halifiki."

Kendall akanyamaza. Kwa mtu wa redio ni jambo la kuogopesha. "Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Basi mimi sijasikia, na wewe hukusema. Sikukuu ya Watakatifu Wote watu wote watakuwa makaburini. Utasimama useme, aliyepita milangoni si mimi. Sentensi moja. Halafu useme tuta litajengwa. Tushinde, tulale."

Jioni ile alikwenda kwa Shangazi Elvira. Shangazi alikuwa anakoroga sufuria ya gumbo, ule mchuzi mzito wa kule, sikio lake moja linalosikia amelielekeza kwa Renella. Renella akamweleza yote, la kikombe, la gauni, la sauti. Shangazi hakuacha kukoroga. Hakushtuka, na huko kutoshtuka kwake ndiko kulikomtisha Renella kuliko nyayo zile.

"Kwako amekuja?" Shangazi aliuliza.

"Hajaja."

"Na kwangu hajaja. Wewe, makaburini umefanya nini?"

"Sijafanya kitu."

"Renella."

Alikuwa amefanya. Alikuwa hata hakumbuki kwamba amefanya, ndivyo alivyokuwa na haraka mwaka ule. Mwezi wa Septemba alikuja mpiga picha, na Kendall alitaka picha ya mgombea kando ya kaburi la bibi yake, watu waone amezaliwa wapi. Picha ya kwanza ilitoka na lile shimo jeusi nyuma ya bega. Kendall akasema linaonekana kama mdomo, linatisha wapiga kura wa mjini. Renella akamwita fundi. Akaziba kwa matofali, akapiga plasta, akapaka chokaa, na picha ikatoka nyeupe safi. Ilikwenda kila nyumba.

"Shangazi, ilikuwa picha tu."

"Umemfungia mama yangu mlango ili upigwe picha."

"Nilikusudia kuuvunja baadaye."

"Kila kitu chako siku hizi ni baadaye." Shangazi akaweka mwiko chini. "Mtu akikuta kwake kumefungwa anafanya nini? Anakwenda kwa majirani. Anabisha hodi. Kahawa wanampa, lakini pa kulala hana."

"Lakini kwa nini kwa sura yangu?"

"Sura ni yake. Wewe ndiye uliyeiazima. Humkumbuki alivyokuwa kabla ya mvi, mimi namkumbuka."

Renella alilia pale, kwenye kiti cha jikoni, kilio cha mtu mzima kisicho na sauti. Aliona aibu, na chini ya aibu alikuwa na woga, na chini ya woga, jambo la ajabu, alikuwa na wivu. Bibi alikuwa amekwenda kwa Alcide na kwa Eunice, akazungumza nao kwa upole. Kwake yeye hakubisha.

Siku ya Watakatifu Wote ilipambazuka kavu. Tangu asubuhi Pointe Cyprien nzima ilikuwa makaburini na ndoo za chokaa, brashi, vyungu vya maua, masufuria ya wali na soseji. Hakuna sikukuu wanayoipenda kama hii. Wanapaka chokaa makaburi ya wazazi huku wakisengenyana, wanawasema marehemu kama wamekwenda dukani. Gil Toups alikuwa amefika mapema, mikono ya shati imekunjwa, anasaidia kupaka makaburi ya watu wasiomhusu na kusifu pishi la kila mmoja. Umbali mfupi kutoka ukuta wa mwisho, maji yalikuwa yanametameta pale ambapo utotoni mwa Renella palilishwa ng'ombe.

Renella alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la bibi yake, na hapo akaona kitu ambacho picha haikuwa nacho. Chokaa ya Septemba ilikuwa safi kila mahali isipokuwa pale mdomoni. Pale ilikuwa imesuguliwa ikatoka, kwa kimo cha kifua, sehemu mbili sambamba, namna mlango unavyochakaa kwa kusukumwa na viganja. Matofali yalionekana, na yalikuwa yamelowa.

"Ni mvua," alisema Kendall nyuma yake, kwa sauti ndogo.

"Mvua hainyeshi pale tu."

Padri alipita na maji ya baraka, kaburi kwa kaburi, na jua lilipoanza kushuka watu wakaanza kuwasha mishumaa. Ni wakati huo ambapo, kwa mazoea ya kule, mgombea huruhusiwa maneno mawili matatu. Toups alitangulia. Alisema tuta litakuja, na ataliongoza yeye mwenyewe kwa mkono kama bibi harusi, na watu wakacheka wakapiga makofi. Halafu wote wakamgeukia Renella, na makofi yakaisha. Kila nyumba ilikuwa imekwisha kumpokea yule mwanamke mwenye viatu vilivyolowa, na sasa walitaka kujua.

"Sema," Mzee Alcide alimwambia, mshumaa mkononi. "Ulikuja kwangu au hukuja?"

Kendall alimtazama kwa macho ya kumsihi. Sentensi moja. Na ubaya wake ni kwamba sentensi ile ilikuwa kweli tupu, si yeye aliyepita. Angeweza kuisema mbele ya hakimu yeyote. Angeisema, tuta lingebaki ahadi, kiti kingekuwa chake, na yule aliyebisha hodi angeitwa mwongo mbele ya kaburi lake mwenyewe.

"Maneno mliyoambiwa milangoni ni yangu," Renella alisema. Sauti ilitetemeka, akaiacha itetemeke. "Nilipaswa kuyasema tangu kiangazi. Tuta halifiki huku. Mstari umepigwa kaskazini mwetu, sisi tumeachwa nje. Nilijua, na nikawagawia karatasi zinazosema litafika. Mkinipa kura nitapiga kelele kule mpaka wanichoke, lakini hawatausogeza. Makaburi haya yana miaka michache. Tuanze kuwapandisha."

Mishumaa ilisikika ikiungua. Mwanamke mmoja akavuta watoto wake karibu. Kisha mtu nyuma akasema, bila ukali, "Ungetungojea tumalize sikukuu," na hilo lilimuuma kuliko tusi.

Alichukua nyundo kwenye boksi la vifaa la Shangazi. Shangazi alikuja nayo makusudi. Renella akapiga pale palipochakaa, tena na tena, mpaka tofali la kwanza likaingia ndani. Upepo ulitoka kaburini, upepo baridi wenye harufu ya kinamasi, na mishumaa iliyo karibu ikalala upande mmoja, ikainuka. Mzee Alcide akaweka mshumaa wake chini, akaja akamsaidia kuondoa matofali. Ndani palikuwa na lile jeneza jepesi, tupu, ambalo Renella na Shangazi walilisukuma humo kila mtu kwa mkono mmoja.

Tangu siku ile yule mwanamke hakubisha hodi tena.

Renella alishindwa. Si kwa kura nyingi, na zilizompindua ni za Pointe Cyprien. Watu wake mwenyewe walimpa Toups. Kendall alikwenda kufanya kampeni jimbo lingine, akasema ni kwa sababu ya hewa. Renella alijifungia chumbani, akalala na viatu, akala biskuti kavu, akajiuliza kama alikuwa mkweli au mpumbavu, na sidhani kama alipata jibu. Mtu husema kweli akitumaini angalau atapendwa kwa hilo.

Majira ya baridi yalipokwisha, Mzee Alcide alipanda mpaka ofisi ya Nyumba Kavu, akavua kofia, akakaa.

"Sikukupa kura yangu. Nakwambia mapema usije ukaniuliza."

"Nilijua."

"Toups aliniahidi tuta. Nilijua ananidanganya. Lakini nilitaka kudanganywa kidogo, na mtu anayecheka."

"Na sasa?"

Mzee aliigeuza kofia mikononi. "Sasa maji yamefika kwa Delphine. Jana nimesimama hapo, yamenifika vifundoni. Yule aliyekuja kwangu asubuhi ile..." Alitazama dirishani. "Alimtaja kwa jina la utoto, Wakili. Wewe hulijui jina lile. Nilishindwa kukwambia pale mlangoni."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Renella alihangaika kwa hakimu, kwa askofu, kwa ndugu walioko Texas, akapata kipande cha ardhi kwenye mwinuko huko juu ya mto, karibu na kanisa dogo. Kila wiki familia moja ilipandisha watu wake kwa gari la kubebea boti, polepole, taa zimewashwa mchana, na madereva wa barabarani walisimama kando bila kuambiwa. Bi Eunice alisafiri amekaa nyuma kabisa na mama yake, akimsimulia Kifaransa njia nzima. Toups alituma maua. Yalikuwa mazuri, tusimwonee.

Bi Ozélia aliachwa wa mwisho, kwa kuwa lilikuwa jeneza tupu tu, halina haraka. Siku hiyo walikuja wapwa wawili wa Mzee Alcide, vijana wenye mabega ya kuvuta nyavu. Renella aliwaambia hawana haja ya kamba wala roda, ni mbao nyepesi, hamna mtu. Kaburi lilikuwa wazi kama lilivyoachwa tangu sikukuu, na ndani, sakafuni, palikuwa na unyevu uliokauka kwa tabaka za chumvi.

Wale vijana wakashika, wakavuta. Jeneza halikusogea. Wakatazamana. Wakavuta tena, likatoka kidogo kwa mkwaruzo mzito, na kutoka kwenye kiungo cha mbao maji yakaanza kudondoka.

"Wakili," mmoja alisema, akiwa bado ameshika, "si umesema humu hamna mtu?"

Shangazi Elvira alisogea, akaweka kiganja chake juu ya mbao, akakiacha hapo muda mrefu, namna unavyomgusa aliyelala usitake kumwamsha. Mzee Alcide akavua kofia. Hakuna aliyependekeza lifunguliwe. Waliitwa wanaume wengine wawili, wakalibeba wanne, wakipumzika njiani, na njia nzima mpaka kwenye mwinuko Renella alikaa kando yake, mkono juu ya kifuniko, akimweleza bibi kwa Kifaransa chake cha kukwaruza wale watu wenye mikoba walikuwa wanataka nini.

Walilisukuma katika kaburi jipya. Fundi alikuwa amechanganya saruji, matofali yako tayari, lakini alikuwa mtu wa kwao na anajua desturi, kwa hiyo alisimama na mwiko wake akangoja.

"Hili la aliyepotea," alisema. "Niliache wazi, au vipi?"

Renella akamtazama shangazi yake. Shangazi akampa ishara kwa kichwa, aamue yeye.

"Ziba," Renella akasema. "Amekwisha fika."